Laki Saba na Nusu za Kupanda Ngazi

Laki saba na nusu! Rupia laki saba na nusu za kupanda ngazi, tena ngazi zilizojengwa na mababu zao wenyewe. Hebu sonya kwanza, halafu ndiyo tuongee.

Mambo yenyewe yalianza Juni 2022. Waziri mmoja mzito wa Indonesia, Luhut Binsar Pandjaitan, mratibu wa mambo ya bahari na uwekezaji, alitangaza mtandaoni kwamba hekalu la Borobudur, kule katikati ya kisiwa cha Java, litakuwa na bei mpya. Mgeni wa nje dola 100. Mwananchi rupia 750,000. Mwanafunzi 5,000. Na kwa siku wasizidi watu 1,200. Kabla ya hapo mwananchi mtu mzima alikuwa akilipa rupia 50,000, na mgeni dola 25. Piga hesabu mwenyewe: mgeni kapandishiwa mara nne, mwananchi mara kumi na tano. Katika kugawana maumivu, mwenye nyumba ndiye aliyekatiwa pande kubwa.

"Na mshahara wa huko ukoje?" akauliza kijana wa bodaboda wa hapa kijiweni petu, ambaye swali lake la kwanza katika jambo lolote huwa ni hilo hilo.

Kima cha chini katika wilaya ya Magelang, liliposimama hekalu, mwaka ule kilikuwa kama rupia milioni mbili kwa mwezi. Sasa mchukue mtu wa mshahara huo, umpe mke, awe amemuahidi kumpandisha Borobudur siku ya Jumapili. Wote wawili ni milioni moja na nusu. Anabaki na nauli ya kurudi nyumbani kusimulia.

Pale benchi la kahawa tuna mzee mmoja aliyekuwa baharia, na Java anaijua kwa bandari zake, Surabaya na Semarang. Yeye alicheka mpaka kikombe kikamwagika. "Wajava wapole sana," akasema, "lakini usiwaguse hapo." Na kweli waliguswa. Zikapigwa kelele nchi nzima. Wabudha wa Indonesia ni wachache, hawafiki hata asilimia moja ya watu, na kwao Borobudur ni mahali pa ibada. Februari ya mwaka ule ule serikali ilikuwa imetia saini makubaliano ya kuyafungua mahekalu haya, Borobudur pamoja na Prambanan, kwa sala za Wabudha na Wahindu. Basi Februari unaambiwa karibu usali, Juni unaletewa bili.

Kelele zilipozidi ndipo maelezo yakafuata nyuma yakihema: bei ile ni ya kupanda juu tu, uwanja wa chini unabaki 50,000 kama zamani. Sawa, ila kwa nini maelezo ya serikali huwa yanangoja watu wawake kwanza? Wiki mbili hazijatimia, Rais Joko Widodo akasema bei isipande. Watu wakashangilia, na sisi huku tukaagiza raundi nyingine ya kahawa, ingawa hakuna aliyekuwa na mpango wa kwenda.

Lakini mimi nilibaki na neno langu, na kijiwe kizima kilinigeuka kwa sababu yake. Serikali ilikuwa na kesi. Ilikosea dawa, lakini ugonjwa ulikuwepo.

Fikirini kilichosimama pale. Ni kilima kilichovalishwa mawe kama miaka 1,200 iliyopita, enzi za watawala wa nasaba ya Sailendra. Mawe ya volkano, yamepangwa bila saruji wala chokaa, jiwe limeshikwa na jiwe mwenzake. Majukwaa sita ya mraba, juu yake matatu ya duara, na kileleni kuba kubwa moja. Kuta zina vibao vya kuchongwa 2,672. Ukitaka kuvisoma vyote kwa mpangilio unazunguka na kuzunguka mpaka magoti yaombe talaka. Sanamu za Budha zilikuwa 504. Nyingi leo hazina vichwa. Na katika zile duara za juu kuna makuba madogo 72 yenye matundu, kila moja na Budha wake amekaa ndani.

Kwa kuba mojawapo ndipo utakapoona shida yote kwa macho. Wenyeji wanamwita aliye ndani Kunto Bimo, na imani ni kwamba ukimfikia kumgusa, bahati ni yako. Basi mtu anaweka mguu juu ya jiwe la msingi, anajibana, anaingiza mkono kwenye tundu mpaka bega, shavu limebandikwa kwenye mawe, na mwenzake nyuma anapiga picha. Akitoka anaingia mwingine. Kabla ya korona Borobudur ilipokea watu zaidi ya milioni tatu kwa mwaka. Hata kama ni mmoja katika mia anayejibana hivyo, jiwe lina hali gani? Na ngazi? Ngazi ni zile zile chache kila upande, za kupandia na kushukia, na katikati zimelika.

Fundi viatu wetu, ambaye hachangii kitu mpaka mada ifike miguuni, hapo ndipo alipoinua kichwa. "Si uzito unaokula jiwe," akasema. "Ni mchanga. Kiatu kigumu kikiwa na mchanga chini ni msasa. Mtu akigeuka papo hapo, kashasugua."

Haya, mtaalamu kasema bure, hajalipwa posho ya kikao.

Sasa hapo ndipo msonyo wangu unapoanza. Kama tatizo ni nyayo, dawa ni kuhesabu nyayo. Watu 1,200 kwa siku, hilo ni jibu, na mimi nalikubali kwa mikono miwili. Ila laki saba na nusu inahesabu nini? Jiwe halijui pochi. Tajiri wa Jakarta na mkulima wa Magelang wakikanyaga ngazi moja, jiwe linalika vile vile. Pengine la tajiri zaidi, maana kaja na buti. Ukitaka watu 1,200 wapande, unaweza kuwapata kwa foleni, kwa kujiandikisha mapema, hata kwa kura. Ukiwapata kwa bei umechuja wasio na hela, kisha ukaita zoezi hilo uhifadhi.

"Lakini kuhifadhi kunahitaji fedha," akasema mwalimu mstaafu, akaweka kikombe chini taratibu, ishara kwamba hotuba inakuja.

Kunahitaji, mwalimu, sikatai. Kati ya 1975 na 1982 hekalu lile lilifunguliwa kwa sehemu kubwa, mawe zaidi ya milioni moja yakashushwa, yakasafishwa, yakawekewa mifereji ya maji kwa chini, yakarudishwa mahali pake. UNESCO ilichangisha dunia. Hiyo si kazi ya sadaka ya Ijumaa. Januari 1985, muda mfupi baada ya kuzinduliwa, mabomu yakaharibu makuba tisa ya juu, yakatengenezwa. Mwaka 2010 mlima Merapi ulio jirani ukalitapikia majivu makali, yale yanayokula jiwe, na mamia ya watu wa vijijini wakaajiriwa kusafisha, ndoo kwa ndoo, brashi kwa brashi. Fedha zinahitajika. Ninachouliza ni fedha ya mlangoni inapita mkono wa nani.

Na hili ndilo wengi hawalijui. Amri ya rais ya mwaka 1992, mwaka mmoja tu baada ya Borobudur kuingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia, iliigawa sehemu ile kwa wenyewe watatu. Jengo lenyewe na eneo lililo karibu nalo likawa la watu wa utamaduni, wale wenye brashi na vipimo. Bustani inayolizunguka, pamoja na geti na dirisha la tiketi, ikawa ya kampuni ya serikali iliyoundwa mwaka 1980 kuendesha utalii wa pale. Vijiji vya nje vikawa vya wilaya. Nyumba moja ya urithi, ndugu watatu: mmoja karithi paa, wa pili karithi mlango, wa tatu karithi uani. Paa likivuja anayejua ni wa kwanza. Hela za wapangaji anapokea wa pili. Na uani ndiko wanakolala watu.

Kampuni, hata ikiwa ya serikali, mwisho wa mwaka inaulizwa faida. Mkurugenzi wake hataitwa mbele ya wakubwa kuulizwa ngazi zimelika milimita ngapi. Ataulizwa wageni wameongezeka au wamepungua. Wakati huo huo serikali kuu ilikuwa imeipachika Borobudur kwenye orodha ya vivutio vitano vya kipaumbele cha juu kabisa, na uwanja mpya wa ndege wa Yogyakarta ukajengwa kule Kulon Progo kupokea madege makubwa. Mkono mmoja unapunga watu waje, wa pili unawazuia getini. Halafu tunashangaa bei imetoka wapi.

Mzee baharia akanikatisha. "Mwanangu, serikali za pale hazikuanza leo kuligawa hekalu. Umesahau mfalme wa Siam?"

Nilikuwa sijasahau, nilikuwa namwekea nafasi. Mwaka 1896 mfalme Chulalongkorn alizuru Java, na Waholanzi waliokuwa wakitawala wakamruhusu aondoke na alichokipenda. Akaondoka na mikokoteni minane. Masanamu ya Budha, vibao vya kuchongwa, simba wa mawe, vyote vikapakiwa. Mikokoteni minane ya mali ya watu, kwa adabu ya kumkirimu mgeni! Hakuna mwanakijiji aliyeulizwa. Waholanzi hao hao, mwaka 1907, wakampa kazi mhandisi wao Theodoor van Erp kulikarabati hekalu lililokuwa limepunguziwa mizigo.

Kisha ukaja uhuru, na mapema miaka ya 1980 ikaja zamu ya vijiji vyenyewe. Ili kupata bustani, majani yakatwe vizuri na mgeni aone hekalu bila nguo za watu kwenye kamba, familia zilizokuwa zinaishi miguuni pa Borobudur zilihamishwa. Wengine waligoma mpaka dakika za mwisho. Wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Pale mgeni alikuja, mwenyeji akapewa tarehe ya kuondoka. Na wakishapangwa nje ya uzio, wale wale waliohamishwa ndio waliorudi getini na mabegi ya kofia, batiki na vihekalu vidogo vya mawe ya kusaga, wakimkimbiza mtalii. Mtalii akirudi kwao anaandika kwamba wachuuzi wa Borobudur wasumbufu. Hajui anamkimbia mtu aliyekuwa na jiko lake hapo hapo anapopigia picha.

Mwalimu mstaafu akasema kwamba sisi pia tusijifanye watakatifu, kwetu pia kuna wahamishwa. Tukanyamaza kidogo, kila mtu akanywa kahawa yake. Akaongeza kuwa shida ya Kilwa Kisiwani ni nyingine kabisa: magofu yaliingizwa kwenye orodha ya urithi mwaka 1981, bahari ikazila kuta mpaka mwaka 2004 yakaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, yakatolewa huko 2014, na muda wote huo hakuna foleni ya kugombania. Sawa, mwalimu. Lakini leo ni zamu ya Wajava.

Turudi kwenye bei. Mwaka 2022 rais kasema haipandi, sivyo? Mwaka 2023, baada ya juu kufungwa tangu kipindi cha korona, ngazi zikafunguliwa tena. Uwanjani mwananchi rupia 50,000, ahadi imetimizwa. Kupanda juu? Tiketi ya pekee: 120,000 kwa mwananchi, 455,000 kwa mgeni. Kijana wa bodaboda alipiga paja. "Kwa hiyo imepanda!" Imepanda, mwanangu, ila safari hii imepanda kwa kunyata.

Hata hivyo sitawaonea. Mpangilio wa safari hii una akili kuliko ule wa tangazo. Watu waliwekwa 1,200 kwa siku kama ilivyosemwa, wakipanda kwa makundi ya saa, 150 kwa saa. Jumatatu jengo likapumzishwa. Huendi peke yako. Unapewa kiongozi, na viongozi ni wa pale pale. Na mgeni ndiye aliyepangiwa kulipa karibu mara nne ya mwananchi, jambo ambalo hata mtoto angelipanga hivyo tangu mwanzo. Mtu wa mshahara wa milioni mbili bado atajikuna kichwa, lakini angalau anaweza kudunduliza.

Na kingine ni viatu. Hapa fundi wetu alisogeza kigoda chake kabisa. Getini unavua ulichokuja nacho, kinawekwa kwenye mfuko, unapewa kandambili ziitwazo upanat. Juu ni za kusuka kwa majani ya jamii ya mkadi, ule ule ambao maua yake bibi zetu wanayatia kwenye vikuba, na chini zina soli laini isiyokwaruza. Umbo lake limechukuliwa kwenye michongo ya hekalu lenyewe, miguuni pa watu waliochongwa miaka 1,200 nyuma. Zinasukwa na mafundi wa vijiji vya kuzunguka, na ukishuka unaondoka nazo.

"Kila mgeni jozi moja?" fundi akauliza.

Kila mgeni.

"Mara 1,200 kwa siku?" Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha, akatazama juu. Sijawahi kumuona mtu akiupenda uhifadhi ghafla namna ile. Na hapo ndipo palipo hoja yangu, jamani, wala sihitaji kwenda mbali: kandambili ile imefanya kilichoshindwa na laki saba na nusu. Imelinda jiwe, haijamfukuza maskini, na imeweka senti kwenye mkono wa mtu wa uani. Nani aliiwaza sijui, lakini angekuwa hapa ningemlipia kahawa na kashata.

Basi mambo yakawa yanakwenda. Kandambili, kiongozi, saa yako ikifika unashuka. Halafu ikaja Mei 2025.

Rais mpya, Prabowo Subianto, alikuwa anamleta mgeni wake, Emmanuel Macron wa Ufaransa, kuja kuliona hekalu. Na kwenye ngazi zile zile tulizoambiwa zimelika, zile ambazo mwananchi anavuliwa viatu ili asizikwaruze, kikafungwa kiti cha umeme cha kupandishia watu, na reli zake. Waindonesia wakaona picha. Mnajua kilichofuata.

Serikali ikajitetea: ni cha muda, jiwe halikutobolewa hata moja, na kitawasaidia wazee na wenye ulemavu. Nimeyasikia, na lile la mwisho limenigusa kweli. Mama yangu mwenyewe hapandi ngazi tatu bila kushikwa mkono. Lakini wazee wa Java hawakuanza kuzeeka mwezi ule. Mabikizee wa Kibudha huandamana kila sikukuu ya Waisak kutoka hekalu la Mendut, wanapita Pawon, mpaka Borobudur, mwendo wa kama kilomita tatu juani, na miaka yote hiyo magoti yao hayakumshtua waziri yeyote. Anakuja mwenye msafara, reli zinapatikana. Rais wa Ufaransa, kijana mwenye mapafu ya kukimbilia mpira! Mzee baharia alisonya msonyo mrefu, ule wa kuanzia Feri hadi Kigamboni.

Mwenye genge la chapati, dada yetu ambaye muda wote alikuwa anasikiliza huku anageuza, akafuta mikono. "Nyie mmeongea mawe, mmeongea viatu, mmeongea marais. Wale wachuuzi mliowaacha getini wako wapi?"

Swali hilo ndilo lililotufunga midomo, dada. Wachuuzi wamehamishwa tena. Getini pale pa zamani, mtalii alipokuwa akitoka alipitishwa kwenye kichochoro kirefu cha vibanda, atake asitake, na hicho ndicho kilichokuwa kinawalisha. Mwaka 2024 wakapelekwa Kujon, kwenye soko jipya liitwalo kijiji cha sanaa, majengo mazuri, maegesho makubwa, na wageni wanasombwa kutoka huko kwa vigari vya umeme kwenda hekaluni na kurudi. Ukiangalia picha utasema maendeleo. Waliandamana kabla ya kuhama, na sababu zao hazikuwa ngumu kuelewa: nani anapata kibanda kipi, na mteja atapita wapi.

"Hebu ngoja," akasema dada. "Mgeni kapewa saa moja. Kavalishwa kandambili, kashikishwa kiongozi. Akishuka kigari kinamngoja, basi lake linapiga honi. Ananunua batiki saa ngapi?"

Hakuna aliyejibu. Kijana wa bodaboda akasema yeye angenunua kwenda, si kurudi. Dada akamtazama tu. Nani anapanda hekalu na mfuko wa batiki mkononi?

Mimi nikasema pendekezo langu ni moja. Pale kwenye dirisha la tiketi pawekwe ubao: katika kila rupia 120,000, hizi zinakwenda kwa mafundi wa mawe, hizi kwa wasuka kandambili, hizi kwa kampuni, hizi kwa vijiji. Kila mwenye kulipa asome kabla hajatoa hela.

"Ubao mzuri," akasema dada, akirudi kwenye kikaango chake. "Waandike kwa herufi kubwa basi. Wenzangu watataka kuusoma wakiwa kule Kujon."